Shule ya habari na kazi ya radio Bunia: kwa nini havikutani, na namna gani tunaweza kuvikutanisha

Kila mwaka, kipindi cha staji kinapofika, vijana wanakuja mbele ya redaksio za Bunia na barua ya shule mkononi. Barua imeandikwa vizuri, ina muhuri, inaomba "mumpokee mwanafunzi wetu kwa muda wa mwezi mmoja". Mkuu wa programu anaisoma, kisha anauliza swali moja tu: "Unajua kukata sauti?" Mara nyingi kijana anaangalia chini. Amesoma historia ya magazeti ya Ulaya, amesoma nadharia za mawasiliano, anajua kueleza maana ya habari kwa Kifaransa kizuri. Lakini hajawahi kushika mikro ambayo inawaka.

Wengine wanasema kosa ni la shule. Wengine wanasema radio njo zinataka kila kitu bila kulipa kitu. Ukweli uko katikati. Maandishi haya yanaeleza kazi ya radio na televisheni inaomba nini hapa Ituri, shule zinatoa nini, pengo linatoka wapi, na mambo gani mzazi, mwanafunzi na kiongozi wa radio wanaweza kufanya bila kungoja mradi kutoka ng'ambo.

Namna wandishi wa Bunia walijifunza kazi

Tuanze na jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Katika mji huu, radio na shule vilizaliwa karibu karibu. Radio Candip ni radio ya ISP-Bunia, yaani chuo kinachoandaa walimu wa sekondari. Jina lenyewe linasema hivyo: Centre d'animation et de diffusion pédagogique, kituo cha kuamsha jamii na kusambaza mafundisho. Tangu miaka ya 1970 wazo lilikuwa kwamba mafundisho yatoke darasani, yapite kwenye mawimbi, yamfikie mwalimu wa kijijini na mkulima. Kwa hiyo mtu akisema kwamba shule na radio haviwezi kukaa nyumba moja, tumjibu kwamba Bunia imekwisha kufanya hivyo.

Kwa upande wa shule ya wandishi wa habari, nchi iliweka nguvu Kinshasa. Mwaka 1973 iliundwa ISTI, chuo cha ufundi wa habari, ambacho baadaye kikaitwa IFASIC, na siku hizi ni chuo kikuu kinachoitwa UNISIC. Wandishi wengi wakubwa wa nchi wamepita pale. Lakini kutoka Bunia mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,700 kwa mstari wa ndege, na barabara ya moja kwa moja hakuna. Kampala iko karibu kilometa 300 tu kwa mstari huo huo. Familia ya Ituri inayotaka kumtuma mtoto Kinshasa asome uandishi wa habari inalipa ndege, nyumba, chakula, na miaka mingi ya kutomuona.

Ndiyo sababu wengi wetu tulijifunza kazi kwa njia nyingine. Vita vya 1999 mpaka 2003 vilivuruga mkoa mzima, halafu katika miaka iliyofuata radio zikaongezeka: radio za makanisa, radio za jamii, radio za wilaya. Tarehe 25 februari 2002 Radio Okapi ilianza kurusha, kazi ya pamoja ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Ilileta desturi ambayo wengi hatukuwa nayo: kutafuta upande wa pili kabla ya kutoa habari, kutoa habari katika lugha tano, kuheshimu dakika. Mashirika nayo yakaleta mafunzo ya siku tatu, ya wiki moja, ya wiki mbili.

Mfano mmoja unaonyesha faida yake. Kesi ya Thomas Lubanga ilianza mbele ya CPI kule La Haye tarehe 26 januari 2009, na hukumu ikatoka tarehe 14 machi 2012. Kwa watu wa Ituri ile haikuwa habari ya mbali. Mwandishi wa Bunia alipaswa kueleza kwa Kiswahili tofauti kati ya mtuhumiwa na mtu aliyehukumiwa, kati ya shahidi na mlalamikaji, kati ya kuachiliwa kwa muda na kutangazwa bila hatia. Kukosea neno moja kunaweza kuwasha moto kati ya vijiji viwili. Mradi wa Interactive Radio for Justice ulifanya kazi na radio za hapa ili wasikilizaji waulize maswali na watu wa sheria wajibu. Hayo yalikuwa mafunzo yanayolingana na kazi: tatizo liko mezani, unajifunza kile unachohitaji leo jioni.

Lakini mafunzo ya miradi yana ugonjwa wake. Mradi ukiisha, mkufunzi anapanda ndege. Mtu aliyefundishwa anapata kazi kwa shirika, anaondoka na ujuzi wake, na radio inaanza upya na kijana mwingine. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya USAID, mashirika mengi yanayosaidia vyombo vya habari duniani yalipunguza kazi au kufunga. Hapo tulielewa kwamba hatuwezi kuweka shule yetu ndani ya mfuko wa mtu mwingine.

Kazi ya radio inaomba nini kweli

Watu wengi wanafikiri kwamba kazi ya radio ni kuwa na sauti nzuri. Sauti inasaidia, lakini njo jambo la mwisho. Hapa chini ni ujuzi ambao radio ndogo ya mkoa wetu inahitaji kila siku.

*Kunasa sauti safi.* Ripota anatumwa sokoni au kwenye kambi ya wakimbizi. Mikro inakaa karibu ngumi moja kutoka mdomo wa anayeongea, kando kidogo ili pumzi isigonge. Upepo unazuiliwa kwa sponji, na ikikosekana, kwa mwili wako mwenyewe. Kabla ya kuondoka unanasa sekunde thelathini za mazingira bila mtu kuongea, maana zitasaidia kwenye montaji. Kiwango cha sauti kisiguse sifuri. Kikigusa, sauti imekatika na hakuna programu itakayoitengeneza. Haya yanafundishwa kwa nusu siku, lakini yanahitaji wiki za kurudia.

*Montaji.* Kukata sauti, kuondoa kikohozi bila kubadilisha maana ya maneno, kusawazisha sauti mbili ambazo moja iko juu na nyingine chini. Programu ya Audacity ni ya bure, na inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani. Kwa hiyo shule isiseme kwamba haina pesa ya programu. Kanuni ya kwanza ya montaji ni ya maadili kabla ya kuwa ya ufundi: huruhusiwi kukata "hapana" ya mtu na kuacha "ndiyo" yake.

*Kuandika kwa ajili ya sikio.* Msomaji wa gazeti akipotea anarudi nyuma. Msikilizaji hawezi kurudi. Sentensi iwe fupi, wazo moja kwa sentensi, namba zipunguzwe, jina la mtu lije pamoja na kazi yake. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kazi za shule za kurasa ishirini anapata shida sana na habari ya sekunde arobaini.

*Lugha.* Hili njo pengo kubwa kuliko yote. Shuleni anasoma kwa Kifaransa. Radioni anaongea Kiswahili, Lingala, na katika vituo vingi pia Kialur, Kilugbara, Kihema, Kilendu, Kibira na lugha nyingine. Kominike ya gavana inaandikwa kwa Kifaransa, na dakika kumi kabla ya habari kijana anapaswa kuitoa kwa Kiswahili. "Couvre-feu", "moratoire", "cas suspect", "zone de santé": nani amemfundisha kutafsiri hayo? Kila mtu anatafsiri kivyake, na jioni moja watu wa Mambasa wanasikia jambo moja, wa Mahagi jambo lingine. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 mei 2021, maneno ya jeshi na ya sheria yanapita kwenye mikro kila siku. Kuyaelewa si anasa.

*Mitambo.* Radio ndogo haina fundi wa kulala pale. Mtangazaji wa asubuhi njo anawasha kila kitu. Lazima ajue kwamba emeteri haiwashwi kamwe bila anteni kufungwa vizuri, kwa sababu nguvu ikikosa njia ya kutoka inarudi nyuma na kuunguza mtambo. Ajue kwamba mawimbi ya FM yanakwenda karibu sawa na macho yanavyoona, kwa hiyo kupandisha anteni juu kunasaidia mara nyingi kuliko kununua emeteri yenye nguvu maradufu. Ajue kuzima mapema radi inapokaribia, maana mashariki ya Congo ni moja ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi, na waya wa ardhini usipokuwa mzima, radi moja inaweza kufunga radio kwa miezi. Ajue pia kwamba betri za kawaida za mitambo ya jua zikitumiwa mpaka mwisho kila usiku zitakufa haraka. Zisishuke chini ya nusu.

*Pesa.* Radio ya jamii inaishi kwa kominike za vifo na ndoa, matangazo ya maduka, mikataba ya mashirika, michango ya vilabu vya wasikilizaji. Mtu anayejua kuandika tangazo zuri la sekunde thelathini, kulihesabu na kutoa risiti, anaokoa radio kuliko mtangazaji watatu. Katika shule nyingi somo hili halisikiki.

*Simu na mitandao.* Leo habari nyingi zinaanza ndani ya grupu la WhatsApp: sauti ya mtu asiyejulikana inayosema kijiji kimeshambuliwa, picha ambayo huenda ni ya nchi nyingine na mwaka mwingine. Kijana lazima ajue kupigia simu watu watatu wa pale pale kabla ya kusoma chochote. Katika Ituri uvumi unakimbiza watu njiani usiku, na kuna wanaofia njiani.

*Usalama.* Namna ya kuficha sauti ya shahidi, namna ya kutoweka majina kwenye simu, wakati gani wa kutoenda, nani ajue kwamba umeenda. Hili tutalirudia.

Shule zinatoa nini

Tusizidharau shule. Zinatoa mambo ambayo radio haiwezi kutoa: kusoma kwa mpango, kujua historia, sheria, uchumi, kujua kuuliza swali linalofuata lile la kwanza. Mtangazaji asiyejua namna bajeti ya mkoa inavyopitishwa atasoma tu kile waziri wa mkoa amempa. Kwa hiyo, anayesema "nadharia haina kazi" anajidanganya.

Shida iko kwenye mambo matatu. La kwanza ni vifaa: darasa la wanafunzi wengi na kinasa sauti kimoja, au hakuna. La pili ni walimu: mara nyingi mwalimu ni mtu wa lugha au wa saikolojia aliyepewa somo la radio kwa sababu hakuna mwingine. Fundi wa radio mwenye miaka ishirini ya kazi yuko mtaani, lakini hana diploma inayomruhusu kuingia darasani. La tatu ni mtihani. Mwanafunzi akipimwa kwa karatasi tu, atajifunza karatasi tu.

Mageuzi ya LMD, ambayo nchi ilianza kutumia katika vyuo tangu mwaka wa masomo 2021-2022, yamefungua mlango. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Sasa licence ni miaka mitatu na kredi 180. Katika mpango huu, kazi ya mwanafunzi nje ya darasa inapaswa kuhesabiwa, na kila somo lieleze mwanafunzi ataweza kufanya nini akimaliza. Kwa karatasi, hiyo njo kabisa inayotafutwa. Lakini mlango wazi haupitwi bila miguu. Kama chuo hakijaenda kuiuliza radio inahitaji nini, kredi zitajazwa na masomo yale yale ya zamani yenye majina mapya.

Radio nazo zina makosa yao

Mimi niliingia radioni baada ya diploma ya serikali, bila chuo kikuu. Staji yangu ya kwanza, katika kituo ambacho sitakitaja, ilikuwa wiki sita. Wiki nne nilitumwa kununua mafuta ya grupu na kupeleka barua za mwaliko. Hakuna aliyenifundisha kwa makusudi. Nilijifunza kwa kusimama nyuma ya fundi jioni, wakati wengine wamekwenda nyumbani. Mwishoni nilipewa cheti kinachosema nilifanya kazi "vizuri sana". Kazi gani? Sikuwahi kusoma habari hata moja hewani.

Wanafunzi wengi bado wanapita njia hiyo. Radio inapokea watu wa staji kumi kwa mara moja, haimpi hata mmoja msimamizi, kisha inaweka alama bila kusikiliza kazi yao. Wengine wanabaki kama watu wa kujitolea miaka miwili, mitatu, bila mshahara wala mkataba.

Hapo inazaliwa ile tunayoita coupage, yaani mwandishi kulipwa na yule ambaye habari inamhusu. Kila mtu anaijua, watu wanaicheka, lakini ina maana nzito: anayelipa bahasha anaamua nini kitasikika, na mjane ambaye shamba lake limechukuliwa hana bahasha. Shule inafundisha maadili kwa saa thelathini, na kijana akifika radioni siku ya kwanza anaonyeshwa namna ya kusubiri "transport" baada ya mkutano. Shule na radio zikifundisha mambo mawili yanayopingana, radio njo inashinda, kwa sababu pale kuna chakula.

Ebola ilituonyesha nini

Tarehe 1 agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, nao ukaingia Ituri pia. Ulimalizika rasmi tarehe 25 juni 2020, na zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa. Kwa muda wa karibu miaka miwili, radio ndogo zilikuwa njia kuu ya kumfikia mtu wa kijijini: kwa nini maiti haioshwi kama zamani, chanjo ni kitu gani, kwa nini magari mengi namna hii wakati barabara hazitengenezwi.

Wandishi wengi waliingia katika kazi hiyo bila kuandaliwa. Walipewa ujumbe ulioandikwa tayari wausome. Wasikilizaji walitaka kuuliza na kukasirika, si kusomewa. Vituo vilivyofungua simu, vikamwita muuguzi wa pale pale anayejulikana na kumuacha ajibu kwa lugha ya nyumbani, vilisikilizwa. Huo ni ujuzi: kuongoza mazungumzo ya watu wenye hasira bila kuwanyamazisha na bila kuacha uongo upite.

Kulikuwa na gharama. Tarehe 2 novemba 2019 Papy Mahamba Mumbere, mtangazaji wa radio ya jamii ya Lwemba katika wilaya ya Mambasa, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa akifanya vipindi vya kupambana na Ebola. Tarehe 14 agosti 2021, katika wilaya hiyo hiyo, Joël Musavuli, mkurugenzi wa radio na televisheni ya jamii Babombi kule Biakato, naye aliuawa. Hatusemi kwamba somo la usalama lingewaokoa. Lakini kumtuma kijana wa miaka ishirini na mbili kwenye mikro katika mkoa huu bila hata siku moja ya kuongea juu ya hatari, hilo ni jambo ambalo shule na radio zote mbili zinapaswa kujibu.

Sheria na nani anasimamia

Mwanafunzi anayetoka shule ajue angalau haya. CSAC, iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 januari 2011, inasimamia yale yanayopita kwenye vyombo vya habari na inaweza kutoa adhabu. UNPC ni muungano wa wandishi wa habari na inatoa kadi ya kazi. Kanuni za maadili za mwandishi wa Congo zimekuwepo tangu 2004. Na tangu tarehe 13 machi 2023 kuna sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari, namba 23/009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Siku hiyo hiyo ilitiwa sahihi sheria ya mambo ya dijitali, namba 23/010, ambayo inagusa mtu yeyote anayesambaza habari kwa simu. Mwalimu anayefundisha bado sheria ya 1996 kama ndiyo ya leo anamtuma mwanafunzi kwenye shimo.

Majirani wanafanya namna gani

Kenya ina chuo cha serikali cha mawasiliano, KIMC, tangu 1961, ambapo fundi wa mitambo na mtangazaji wanasoma chini ya paa moja. Pia kuna taasisi inayoitwa TVET CDACC inayowaita watu wa kazi wenyewe waandike orodha ya ujuzi, halafu masomo na mitihani vinatengenezwa kutoka orodha ile. Yaani wanaanza na kazi, kisha wanakwenda kwenye kitabu.

Tanzania ilishika njia ya sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 ziliweka diploma kuwa elimu ya chini ya mwandishi wa habari. Wengi waliokuwa kazini walirudi shuleni. Faida ni kwamba kazi ilipewa heshima. Hatari ni kwamba radio za vijijini zinategemea watu wenye ujuzi mkubwa na karatasi ndogo. Sisi tukitaka kuiga, tuweke kwanza njia ya kupima ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini na kumpa cheti, kabla ya kumfungia mlango.

Kwa upande wa picha na filamu, Yole!Africa kule Goma ilionyesha kwamba vijana wanaweza kujifunza kamera na montaji nje ya chuo, kwa kufanya kazi pamoja mpaka kazi iishe. Kampala nako, Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004, inawakutanisha vijana wa Afrika Mashariki na watu wenye uzoefu kwa muda mfupi lakini mkali. Hakuna hata moja katika hizi inayomfundisha mtu kamera kwa ubao na chaki.

Mambo yanayowezekana hapa hapa

Tunaweza kuanza na mambo yasiyoomba pesa nyingi.

Moja, daftari la staji. Badala ya barua yenye muhuri tu, mwanafunzi aje na orodha: ripota tano alizotoka nazo, montaji kumi, habari tatu alizotafsiri kutoka Kifaransa, kipindi kimoja alichoongoza. Kila kazi inatiwa sahihi na msimamizi aliyeisikiliza. Bila sahihi hakuna alama.

Mbili, mtihani wa mikro. Somo la radio lisipimwe kwa karatasi pekee. Mwanafunzi apewe kominike, kompyuta na dakika arobaini. Atoe habari inayoweza kwenda hewani. Mmoja wa wanaompima awe mtu wa radio.

Tatu, fundi aingie darasani. Chuo kinaweza kumwita kama mgeni wa somo, hata kama hana diploma ya juu, na mwalimu mwenye diploma akabaki mwenye somo.

Nne, kitabu kimoja cha maneno. Redaksio za Bunia zikae siku mbili na watu wa sheria, wa afya, wa jeshi na walimu wa lugha, zikubaliane maneno mia mbili yanayorudi kila wiki katika Kiswahili chetu. Wanafunzi njo waandike, wagawe, wasahihishe kila mwaka.

Tano, wachache lakini kweli. Radio ipokee watu wa staji kulingana na wasimamizi ilio nao. Wawili waliofundishwa ni bora kuliko kumi waliotumwa mafuta.

Kabla ya kulipa minervali, uliza

Mzazi na mwanafunzi, mkienda kujiandikisha, msiogope kuuliza maswali haya:

– Mwanafunzi atashika mikro na kompyuta saa ngapi kwa wiki, na kuanzia mwaka gani?
– Studio iko wapi? Tunaweza kuiona leo?
– Nani anafundisha somo la radio, na amefanya kazi radio gani?
– Staji inafanyika wapi, na nani anaifuata?
– Tunaweza kusikiliza kazi za wanafunzi wa mwaka jana?

Shule nzuri haitakasirika. Ikikasirika, hilo nalo ni jibu.

Na wewe uliye tayari kazini bila shule, kama nilivyokuwa mimi, usijidharau wala usijitosheleze. Tunza kazi zako zote kwenye kadi moja, na tarehe. Soma sheria ya 2023. Sikiliza habari zako mwenyewe za mwezi uliopita, utaona aibu kidogo, na ile aibu njo mwalimu. Siku chuo kitakapofungua mlango wa kupima ujuzi, uwe na kitu cha kuweka mezani.

Kazi hii inafanywa hewani, mbele ya watu wa Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa, ambao jioni wanawasha radio ili wajue kama kesho wanaweza kwenda shambani. Kijana anayesoma habari ile lazima awe amefundishwa, na wale waliompa cheti wawe tayari kusikiliza alichosema.